Wafanyabiashara wadogo na kuuza mtandaoni: shida siyo simu, shida ni nani anatoa kwanza

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo biashara imepoa kidogo nimeona niuandike. Ni mrefu, mnivumilie.

Mi nauza madera, vitenge na mitandio Kariakoo, nina fremu nachangia na mwenzangu. Kupost Insta nilianza 2018. Tangu hapo nimekaa kwenye semina kibao za wajasiriamali na kila anayekuja kutufundisha anaanza na jambo lilelile, kwamba wafanyabiashara wadogo hawaendi onlaini kwa sababu hawana elimu ya dijitali. Basi tunafundishwa kufungua akaunti, kupiga picha kwenye mwanga mzuri, kuandika kapsheni, tunapewa cheti tunarudi majumbani. Jamani. Mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu Mbagala anajua kutuma hela, anajua kulipa kwa lipa namba, anajua kukopa kwenye laini na status anaweka kila asubuhi. Simu anaijua. Sasa muulize kwa nini haendi kuuza kwa watu asiowajua, atakwambia hivi: nani anatoa kwanza?

Hapo ndipo kwenye kiini na ndo nataka tupaongelee.

Mteja yuko Dodoma kaona dera kwenye page yangu, kalipenda. Ye anataka alione kwanza ndo alipe. Mi nataka alipe kwanza ndo nitume, maana dera likishapanda basi halafu asipokwenda kulichukua, nauli ya kwenda imeliwa, ya kurudi inaliwa, na dera linarudi limekunjwakunjwa. Wote wawili tuna haki. Ye kashatapeliwa au dada yake katapeliwa, mi kuna watu washaniagiza mzigo wakazima simu. Na katikati yetu hamna mtu. Huko dukani hiyo shida haipo kabisa, anashika kitambaa, anakivuta kidogo aone kama kinachuja, anapunguza bei, anatoa hela, anaondoka. Vyote vinatokea dakika ileile mkono kwa mkono. Onlaini tumevitenganisha, hela siku yake na mzigo siku yake, na ule muda wa katikati ndo hofu yote inapokaa.

Ndo maana nasema kama unataka kujua kwa nini mfanyabiashara mdogo anaingia au haingii mtandaoni usimuulize ana simu gani, muulize kule mtu akimdhulumu anaenda kumshtaki wapi.

Af kuna kitu watu wanasahau. Kuuziana kwa mbali siyo jambo jipya kwetu hata kidogo. Kariakoo imeuzia mikoa miaka yote kabla ya Insta. Mtu wa Songea anapiga simu, anasema nipakilie robota mbili, mzigo unapanda basi au lori, hela inakuja nusu, nusu nyingine baada ya mwezi. Mali kauli. Hamna mkataba hamna apu, na inafanya kazi kwa sababu mnajuana, kaletwa na fulani, duka lake Songea linajulikana, akikimbia Kariakoo nzima itasikia na hatapata tena mzigo kwa mtu. Yaani usalama wa ile biashara ulikuwa ni jina la mtu. Sasa Insta mtu anafungua page leo, ananunua followers, anaiba picha zangu za madera anaweka zake, anakula hela za watu kumi, kesho anabadili jina la page anakuwa anauza viatu. Jina halimgharimu kitu. Tumepewa soko kubwa kuliko lote tulilowahi kuwa nalo ila kile kilichokuwa kinatulinda kimebaki nyuma.

Wachina walipitia hapahapa. Alibaba walipoanzisha Taobao 2003 watu walikuwa hawaaminiani vilevile, ndo ikaja ile njia iliyokuja kuwa Alipay 2004, kwamba mnunuzi analipa lakini hela inakaa kwa mtu wa kati, muuzaji anaona kabisa hela ipo anatuma mzigo, mnunuzi akishapokea akaridhika ndo hela inaachiwa. Wengi hapa tunaoagiza China tunajua ukishalipa kupitia mfumo wao una pa kulalamikia. Mi naagiza vitambaa kwa mtu wa Guangzhou sijawahi kumwona na silali na wasiwasi, ila kumuuzia mtu wa Kimara napata wasiwasi. Hebu liwazeni hilo.

Sisi tulianza na hela na tulianza vizuri. M-Pesa ilikuja 2008, wengine wakafuata, mwanzo ukiwa na mtandao huu na mteja ana mtandao ule ilikuwa shughuli mpaka mitandao ikaanza kuunganishwa 2014 na Voda nao wakaingia 2016. Sa hivi hela inatoka kokote kwenda kokote. Lakini ile hela ikishatoka imetoka, haisubiri mtu aridhike. Muamala wetu una kasi kuliko imani yetu.

Naomba michango yenu, hasa nyie mlioko mikoani na mlioacha kuuza onlaini baada ya kujaribu. Nataka kujua kilichowakwamisha.

#2 Mdau wa Mwanza

Dada umeongea kitu cha kweli tupu ila umeruka usafiri. Mi niko Makoroboi nauza vifaa vya simu, kava, chaji, earphone. Wateja wangu wengi wa mtandaoni ni wa Ukerewe, mzigo unapanda meli unaenda Nansio. Nakwambia ukweli kuuza kupitia status ni rahisi, kinachoua ni gharama ya kufikisha. Kava nauza elfu 5, kuituma na kuifuata inaweza kufika elfu 3 au 4 kwa ujumla wake. Nani atakubali? Kwa hiyo nalazimika kusubiri oda zifike sita saba za watu wa sehemu moja ndo nitume pamoja, na yule wa kwanza ashaanza kunitukana kuwa mi tapeli kumbe nasubiri mzigo ujae.

Na hapo bado nikiagiza kutoka kwenu Dar. Stendi ilipohama Ubungo ikaenda Mbezi 2021 kuna watu wangu Kariakoo waliniongezea hela ya boda ya kupeleka mzigo stendi, na nawaelewa.

Kingine ni risiti ya basi. Mzigo ukipotea risiti imeandikwa kwa nyuma kwamba wao hawahusiki na thamani ya mzigo usiotajwa. Mi nilipoteza boksi la chaji kwenye basi moja sitalitaja, nilizungushwa wiki tatu mwisho nikaacha. Ile hasara niliibeba mwenyewe kwa sababu mteja alishalipa na hakuwa na kosa.

#3 Mleta uzi

Mdau wa Mwanza asante sana, umenikumbusha nilichotaka kuandika nikasahau. Huku mjini penyewe usafiri ni mzito. Dera la elfu 25 kulipeleka Mbagala au Bunju na boda siyo chini ya elfu 5 mpaka 10 kutegemea na boda mwenyewe na mvua. Mteja anaona bora apande daladala aje mwenyewe, na wengi ndo wanachofanya, wanaona mtandaoni wananunua dukani. Ukihesabu vizuri page yangu ni bango tu la matangazo, mauzo yenyewe yanafanyika kwenye fremu. Silalamiki, inaniletea watu. Ila hiyo siyo kuuza onlaini.

Anwani nazo. 2022 ilifanyika operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, vibao vya mitaa vikawekwa, nyumba zikapewa namba, nyumba yetu ina namba nzuri tu ukutani. Sijawahi kumpa boda hiyo namba wala boda hajawahi kuniomba. Bado tunaelekezana ukifika Rangi Tatu nipigie, kata kushoto kwenye duka la dawa, uliza kwa mama fulani. Kila mzigo mmoja ni simu tatu nne. Mteja akiwa kazini hapokei, boda anazunguka, mafuta yanaisha, hasira zinahamia kwangu. Ile kazi imeshafanyika, serikali ilishaingia gharama, kilichobaki ni watu wa usafirishaji kuanza kuitumia na sisi wauzaji kuanza kuidai kwenye oda. Mi naanza wiki hii kuuliza wateja namba ya nyumba na mtaa, ntawapa mrejesho.

#4 Mdau mnunuzi

Mimi nipo upande wa pili, ni mnunuzi, na samahani kama ntaongea kwa uchungu. Nililipa elfu 85 kwa kabati la plastiki la nguo, page ina followers wengi, komenti nzuri nzuri. Nikablokiwa palepale. Nikaenda kuripoti, nikaulizwa namba imesajiliwa kwa jina gani, nikawaonyesha jina lililotokea kwenye muamala. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2020, jina lipo, namba ipo, hela imeenda wapi inaonekana. Nilifuatilia mara mbili nikachoka, nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakaribia nusu ya hela niliyoibiwa. Ndo mtaji wa matapeli huo, wanaiba kiasi ambacho hakikulipi kukifuatilia.

Tangu hapo hata we dada mleta uzi ungekuwa malaika sikutumii hela kabla sijaona mzigo. Na jambo jingine linalonifukuza ni "bei njoo DM". Kama bei yako ni ya haki kwa nini unaificha?

#5 Mleta uzi

Pole sana mkuu. Elfu 85 ni hela ya mtu. Na hujakosea kukataa kutuma, ningekuwa we na mi ningekataa.

La bei DM ngoja nikujibu kwa ukweli maana na mi niliwahi kufanya hivyo. Sababu ya kwanza ni kwamba wengi wanaopost siyo wenye mzigo, ni mawinga. Winga anachukua picha kwangu, anapost, mteja akija anajua amwongezee shilingi ngapi kutokana na anavyomwona, akiweka bei wazi anakufa. Sababu ya pili ni jirani. Nikiandika dera 25 fremu ya pembeni anaandika 24, jioni tunauzia hasara wote wawili. Ya tatu wengine wanaogopa TRA, watu wa kodi, watahesabu bei mara posti. Hiyo ya tatu naona inatokana na kutojua, kwa sababu kwenye utaratibu wa makadirio mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, na anayezidi ni kheri ajue analipa nini kuliko kujificha kwenye namba ya mume wake. Nimeona watu wanakataa lipa namba kwa hofu hiyohiyo, wanamwambia mteja tuma kwenye namba ya kawaida na uweke na ya kutolea. Mteja anaongezewa gharama, na jina linalotokea kwenye simu yake siyo jina la duka ni jina la mtu asiyemjua, ambalo ndo linamfanya ashtuke aghairi. Mi tangu nianze lipa namba yenye jina la biashara yangu wanaoghairi wamepungua, nauona utofauti kwa macho.

Bei nazo nimeanza kuandika tangu mwaka jana. Jirani alinifuata kwa 24 siku mbili tatu, akaacha. Sikufa.

#6 Mdau wa Mombasa

Salaam nyote kutoka Mombasa. Mimi nauza nguo za mitumba Kongowea na mtandaoni pia. Huku kwetu dadangu mambo yako mbele kidogo lakini shida ni ileile. Till namba, ndiyo lipa namba yenu, imezoeleka sana, tangu Lipa na M-Pesa ianze 2013 hata muuza mahamri anayo, na kwa sisi wadogo wadogo kuna Pochi la Biashara, ya kupokelea malipo kwa simu yako mwenyewe, ambayo uzuri wake mkubwa mteja hawezi kurudisha hela kiholela baada ya kuchukua bidhaa. Hilo la kurudisha muamala lilitutesa sana zamani, mtu anachukua suruali, akifika kona anapiga simu anadai alikosea namba.

Lakini nataka kuwaambia msidhani kampuni kubwa ikija itawatatulia. Sisi tuna Jumia, lile soko kubwa la mtandaoni, mpaka leo na inafanya kazi, ila mimi mwenye gunia langu moja la mitumba nitaweka nini huko? Kila nguo yangu ni moja tu, saizi yake moja. Ule mfumo unamtaka mwenye vitu mia vinavyofanana. Na Copia, wale waliokuwa wakiuza kupitia wenye maduka ya mitaani, mtu wa kijijini anaagiza kwa mwenye duka anayemjua na kuchukulia hapohapo, wazo lao lilikuwa zuri mno, mamangu kijijini alikuwa akiagiza. Mei 2024 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi kwa kuishiwa fedha. Kwa hiyo imani walikuwa nayo, gharama ya kupeleka bidhaa mbali ikawashinda.

#7 Mleta uzi

Kaka wa Mombasa mchango wako nimeusoma mara mbili. Hilo la duka la mtaani kuwa mahali pa kuchukulia mzigo ndo ninalolifikiria sana, na ntalirudia chini.

Jumia huku kwetu walifunga Novemba 2019, mwaka uleule hisa zao zilianza kuuzwa New York. Watu wengi walisema Watanzania hawako tayari. Mi sikukubali na sikubali hadi leo. Siku wanafunga, hapahapa Kariakoo maelfu ya watu walikuwa wanauza kwa WhatsApp na Insta. Watu walikuwa tayari ila walitaka kuongea. Mteja wangu hataki kubonyeza kitufe, anataka anitumie voice note aniulize kama dera linafaa kwa mama mjamzito, nimtumie video nikiwa nimelishika, tubishane bei, aniulize habari za watoto. Ndani ya yale mazungumzo ndo ananipima kama mi ni mtu wa kweli. Ndo mali kauli ya sasa hiyo.

#8 Mdau wa chuo

Wakuu mi nafanya utafiti wa degree kuhusu mada hii. Mwalimu ametupa modeli ya Davis ya 1989, inasema mtu anakubali teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Nikisoma huu uzi naona wote mnakubali ina manufaa na ni rahisi ila bado hamuuzi. Je niongeze kigezo gani?

#9 Mleta uzi

Mdogo wangu ongeza uaminifu na ongeza hasara. Kwenye dodoso lako usiniulize kama nina intaneti, niulize mwezi uliopita mizigo mingapi ilirudi na nani alilipia. Niulize kama mtandao ukizimika nakula nini. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasuasua, nilikuwa na oda za sikukuu sizioni. Af kuanzia 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa siku kadhaa nchi nzima, mwenzangu ambaye alishaachia fremu akabaki onlaini tu hakuuza hata mtandio mmoja, na mizigo ya watu waliokuwa wamelipa ilikaa kwake hawezi hata kuwaambia chochote. Mtandao uliporudi wateja wake wakaandika kuwa yeye ni tapeli. Sasa huyo ukimwambia ahamie mtandaoni moja kwa moja atakusikiliza? Mi ndo sababu sijaachia fremu na sitaachia.

Na gharama ndogo ndogo uziweke. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 wateja wangu waliokuwa wanatuma hela kutoka mikoani walishuka ndani ya mwezi, wakawa wanasubiri mtu anayekuja Dar wampe keshi. Zilipunguzwa baadaye lakini wale waliohamia kwenye keshi siyo wote waliorudi kutuma kwa simu. Bando nalo hivyohivyo, mnakumbuka Aprili 2021 bei zilivyopanda hadi zikasitishwa kwa kelele za watu. Video moja ya dera nikiituma mara thelathini kwa siku ni hela.

Kingine usisahau kuandika kwamba wengi tunaofanya hivi ni wanawake wenye watoto wadogo. Mi nilianza kwa sababu nilikuwa nimejifungua siwezi kwenda sokoni. Simu ilinifungulia duka nikiwa nimekaa kitandani na mtoto kifuani. Kwa hilo nashukuru na ndo maana naumia nikiona matapeli wanalibomoa.

#10 Mdau mwenye duka

Binti yangu nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima, nina duka la vyombo Morogoro tangu 1998. Wanangu wananisukuma niingie mtandaoni. Mimi wateja wangu wanakopa na kulipa mwisho wa mwezi, nawajua kwa majina. Huko mtandaoni nitafuata nini? Na nikitaka kuanza nianzie wapi bila kupoteza?

#11 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. We ndo mtu niliyekuwa namtafuta kwenye huu uzi.

Usifungue website, kuna kijana atakuja kukuambia laki 5, mwenzangu alitoa ikaishia kufa baada ya mwaka maana hakujua kuna kulipia tena. Anza na WhatsApp ya biashara, ile yenye katalogi, weka vyombo ishirini na bei zake, na watu wa kwanza kuwawekea wawe walewale wanaokukopa. Hao tayari wanakuamini. Watakuuliza kwa simu, watatuma mtoto au boda aje achukue. Wao ndo watakuletea wasiokujua, na anayeletwa na mtu unayemjua siyo mgeni.

La pili nakuomba mzee, na hili ndo nililomwahidi kaka wa Mombasa. Duka lako linajulikana Morogoro tangu 1998. Mi nina wateja saba au nane Morogoro wanaogopa kunitumia hela, na mi naogopa kuwatumia mzigo. Nikikuletea mizigo yao dukani kwako, waje waione, waishike, waivute, wakiridhika wakulipe we, wasiporidhika ibaki kwako nije niichukue, we ukate elfu 2 kwa kila mzigo uliochukuliwa. Hela wanampa mtu wanayemjua, mi mzigo nampa mtu mwenye duka la miaka mingi ambalo haliwezi kuhama usiku. Na wakija kuchukua madera watanunua na sufuria.

Nimekutumia ujumbe wa faragha mzee. Ukikubali mzigo wa kwanza ni madera manne, naupakia Alhamisi.

#12 Mdau mwenye duka

Marahaba binti. Nimeuona. Lete hayo manne, ila nauli ya kurudisha yasiyochukuliwa tuelewane mapema ni ya nani.

#13 Mleta uzi

Ya kwangu mzee.